Mkisema ARV, msiusahau moyo



Tangu Januari 2025, pale serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa mkupuo, mjadala wa dawa za ARV hapa kwetu haujapoa. Vijiweni, kwenye daladala, bungeni, mpaka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, kila mtu ana la kusema. Wengine wanahesabu dola zilizopotea. Wengine wanasema ndiyo wakati wa kujitegemea, tumezoea mno kudekezwa. Na wapo wanaouliza lile swali la msingi kuliko yote: jamani, mwezi ujao nikienda kliniki dawa nitazikuta?

Nimeufuatilia mjadala huu na kuna neno moja silisikii kabisa. Neno lenyewe ni moyo. Sizungumzii moyo wa huruma wala moyo wa uzalendo. Nazungumzia lile pande la nyama lililo kifuani, kubwa kiasi cha ngumi yako, linalosukuma damu usiku na mchana bila likizo.

Hoja yangu leo ni fupi, halafu nitaieleza taratibu. ARV ni dawa ya moyo pia. Anayezikatiza anaugusa moyo wa mgonjwa, hata kama mgonjwa mwenyewe anajiona mzima. Na kliniki inayogawa ARV bila kumpima mtu presha inafanya nusu ya kazi.

Kabla hamjanirukia, hebu tuanzie mbali kidogo.

Watu wengi tunajua kwamba moyo unaharibiwa na chumvi, mafuta, sigara, pombe na mawazo. Hilo tunalisikia redioni kila siku. Ambalo halisemwi sana ni kwamba virusi navyo vinauharibu moyo, tena virusi vya kawaida kabisa. Kuna kundi la virusi vinavyoitwa Coxsackie, jina la mji mdogo katika jimbo la New York vilikogunduliwa miaka ya 1940. Mtu anapata homa, koo linauma, siku chache anapona. Lakini kwa wachache virusi hivyo vinaingia kwenye msuli wa moyo, unavimba, unashindwa kusukuma damu sawasawa. Wapo wanaopona wenyewe, wapo wanaobaki na moyo uliotanuka maisha yao yote, na wapo vijana wanaoanguka ghafla wakiwa uwanjani.

Wapenzi wa mpira mtamkumbuka Alphonso Davies, yule beki wa kushoto wa Bayern Munich na timu ya taifa ya Canada. Januari 2022 alipata Korona. Alipofanyiwa vipimo vya kurudi mazoezini, madaktari wakaona dalili za msuli wa moyo kuvimba kidogo. Kijana wa miaka 21, mwenye mbio kama swala, akaambiwa akae pembeni. Hakucheza tena mpaka Aprili. Angekuwa anacheza ligi ya mchangani huku kwetu, nani angempima? Angeambiwa stamina imeisha, akaongezewa mazoezi.

Hata mafua makali, yale ya virusi vya influenza, si mchezo. Watafiti wa jimbo la Ontario, Canada, walichapisha hesabu zao Januari 2018. Waliwachukua watu waliolazwa kwa mshtuko wa moyo, wakaangalia nani kati yao alithibitishwa kuwa na influenza na lini. Wakakuta kwamba katika siku saba za kwanza baada ya kipimo kuonyesha influenza, hatari ya mshtuko wa moyo ilikuwa mara sita ukilinganisha na siku za kawaida za watu haohao. Mara sita, wadau! Mzee akifa kwa moyo wiki moja baada ya homa, sisi tunasema presha ilipanda. Ile homa hatuiweki kwenye hesabu.

Inakuwaje? Njia ni kama mbili. Ya kwanza, virusi vinaingia vyenyewe kwenye chembe za msuli wa moyo na kuziharibu. Ya pili, na hii ndiyo naomba muishike, ni vita yenyewe ya mwili dhidi ya virusi. Askari wa mwili wakiamka wote kwa pamoja, mishipa ya damu inawaka kwa ndani, damu inakuwa nyepesi kuganda, na kama kwenye mshipa wa moyo kulikuwa na gamba la mafuta lililotulia miaka mingi, linaweza kupasuka. Damu inaganda pale, mshipa unaziba, basi tena.

Influenza ina faida moja: inakuja na kuondoka. Moto unawaka wiki moja, unazima. Sasa jiulize, itakuwaje kwa kirusi ambacho kikiingia hakitoki? Hapo ndipo tunapofika kwenye VVU.

VVU vikiwa mwilini bila dawa, kinga inapigana kila siku, mwaka baada ya mwaka. Hata ARV zikivifubaza mpaka vipimo havivioni kwenye damu, vita haiishi kabisa. Inabaki kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu. Huoni moto, lakini sufuria inaendelea kupata joto. Sufuria yenyewe ni mishipa ya damu na moyo. Ndiyo maana uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti za nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba watu wanaoishi na VVU wana hatari ya kupata magonjwa ya moyo na kiharusi takriban mara mbili ya wasio navyo. Na mzigo mkubwa zaidi ulikutwa kusini mwa Sahara na upande wa Asia na Pasifiki. Yaani kwetu.

Kwa wenye kumbukumbu, hili jambo halijaanza jana. Ugonjwa ulipoonekana Kagera mwaka 1983 watu waliuita Juliana, majirani zetu wa Uganda wakauita Slim. Picha iliyotukaa vichwani ni ya mtu aliyekonda, anayekohoa, anayeharisha. Tulimwona akiisha kwa nje. Moyo wake hakuna aliyeuona, kwa sababu mashine ya kuupiga picha moyo kwa mawimbi ya sauti ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu katika hospitali zetu nyingi.

Walipokuja kuangalia vizuri waliona mambo. Katika hospitali ya Chris Hani Baragwanath, kule Soweto, Afrika Kusini, madaktari waliorodhesha wagonjwa wapya wa moyo zaidi ya 5,000 waliofika kati ya mwaka 2006 na 2008. Karibu mmoja katika kila kumi alikuwa na VVU. Na ugonjwa ulioongoza kati ya hao wenye VVU ulikuwa msuli wa moyo kuchoka na kutanuka, ukifuatiwa na ugonjwa wa ule mfuko unaouzunguka moyo, unaojaa maji. Huo wa maji, huku Afrika, mara nyingi unaletwa na kifua kikuu kinachopenya kinga ikiwa chini. Marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, aliyefariki mwaka 2018, aliongoza utafiti mkubwa wa ugonjwa huo katika nchi nane za Afrika, matokeo yakatoka mwaka 2014. Kati ya wagonjwa 1,400, theluthi mbili walikuwa na VVU.

Kwa hiyo zamani moyo ulikuwa unakufa kwa VVU, ila tulikuwa tunaandika kifua, tunaandika homa, tunaandika "ameugua muda mrefu".

Haya, dawa zikaja. Rais George W. Bush alitangaza mpango wa PEPFAR Januari 2003. Tanzania tukaanza kugawa ARV bure mwaka 2004. Watu waliokuwa wamechimbiwa makaburi wakarudi shamba, wakarudi kuuza genge, wakaoza mabinti zao. Hakuna anayeweza kubisha hilo, hata awe na hasira kiasi gani na Wamarekani.

Lakini pakaibuka maneno. Dawa za mwanzo zilikuwa na madhara yake: mafuta kuhama mwilini, mashavu kuingia ndani, lehemu kupanda kwenye damu. Baadhi ya wataalamu wakaingiwa na hofu kwamba hizi dawa zenyewe zinaua moyo. Wakapata wazo, na kwa kweli lilikuwa wazo linaloeleweka: kwa nini mgonjwa ambaye CD4 zake ziko juu asipumzishwe? Aache dawa, CD4 zikishuka sana arudishiwe. Apumzike na madhara, na gharama zipungue.

Wakaamua kulipima kwa utafiti ulioitwa SMART. Waliandikishwa watu 5,472 katika nchi 33, wote CD4 zao zikiwa juu ya 350. Nusu wakaendelea na dawa kila siku. Nusu wakasimamishiwa, wakawa wanarudishiwa tu CD4 zikishuka chini ya 250. Matarajio ya wengi yalikuwa kwamba waliopumzishwa, mioyo yao itashukuru.

Ikawa kinyume. Januari 2006 ilibidi kuandikisha watu kusimamishwe kwa sababu upande wa waliopumzishwa mambo yalikuwa yanaharibika. Matokeo kamili yalichapishwa Novemba mwaka huohuo: kundi lililokatiziwa dawa lilikuwa na hatari ya kufa au kupata magonjwa nyemelezi mara mbili na nusu na kidogo. Na lile lililowashangaza wengi ni hili: magonjwa makubwa ya moyo, figo na ini nayo yaliongezeka kwa waliokatiziwa, karibu mara 1.7 ya waliobaki na dawa. Dawa iliyoshukiwa kuua moyo ndiyo ilikuwa inaulinda.

Nimekaa na hesabu hii muda mrefu na bado inanishtua. Angalia vizuri watu waliohusika. Hawakuwa mahututi, hawakuwa kitandani. CD4 zao zilikuwa juu, wengi ungekutana nao barabarani ungesema wazima wa afya. Walisimamishiwa dawa chini ya uangalizi wa madaktari, wakipimwa mara kwa mara, na dawa zikiwa kabatini zinawasubiri. Pamoja na yote hayo, miili yao ikalipa.

Sasa leta hiyo hesabu huku kwetu.

Mara ya kwanza mimi kuona watu wakiacha ARV kwa wingi ilikuwa mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Babu wa Loliondo. Mnakumbuka foleni za magari kwenda Samunge, kikombe shilingi 500. Wapo wenye VVU waliokunywa wakaweka dawa pembeni, na madaktari walipiga kelele sana wakati ule. Mjadala wote ulikuwa: je, wamepona au hawajapona? CD4 zimepanda au zimeshuka? Sikumbuki mtu hata mmoja aliyeuliza mishipa ya moyo ya wale watu ilipitia nini kwa miezi ile waliyokaa bila dawa.

Mara ya pili ni 2025. Safari hii mgonjwa hakuamua mwenyewe. Tarehe 20 Januari 2025 amri ilisainiwa Washington, siku chache baadaye miradi ikaambiwa isimame. Baadaye ikatoka ruhusa maalumu kwa huduma za kuokoa maisha, kwa hiyo dawa zenyewe hazikukatika zote kwa siku moja kama ilivyohofiwa. Lakini kliniki ya CTC haiendeshwi na vidonge peke yake. Kuna yule anayepiga simu kumkumbusha mtu tarehe yake. Kuna mwelimishaji rika anayemfuata mtu nyumbani. Kuna anayeingiza takwimu, kuna anayesafirisha sampuli za kupima wingi wa virusi. Wengi wa hao katika nchi zetu walikuwa wakilipwa na miradi, na wengi walirudi nyumbani. USAID yenyewe ikafungwa rasmi Julai 2025.

Mtu akikosa kupigiwa simu, akakuta foleni imekuwa mara mbili, nauli imepanda, anasema nitaenda mwezi ujao. Mwezi ujao unazaa mwingine. Anajiona mzima, mbona. Ndiyo yuleyule wa SMART, tofauti ni kwamba huyu wa kwetu hakuna anayempima.

Kwa hiyo ninaposikia mchambuzi anasema "waliokosa dawa kwa wiki chache hawajafa, tulitishwa bure", nakunja uso. Moyo hautoi taarifa wiki hiyohiyo. Unaweza kutoa taarifa baada ya miaka mitano, mtu anaanguka bafuni, na kwenye msiba tunaambiwa ni presha. Hakuna atakayeunganisha na ile miezi ya 2025.

Hapo nimezungumzia dawa kukatika. Kuna upande wa pili, nao ni wa furaha yenye gharama: dawa zisipokatika, watu wanazeeka. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 hadi 2023 ulionyesha Tanzania ina watu wazima wapatao milioni 1.5 wenye VVU, asilimia 4.4 ya walio na umri wa miaka 15 na zaidi. Na kati ya walio kwenye dawa, zaidi ya asilimia 94 virusi vyao vimefubaa. Hayo ni mafanikio makubwa, tuyapigie makofi. Binti aliyeanza dawa 2004 akiwa na miaka 28 leo yuko upande wa pili wa hamsini ikikaribia. Anaitwa bibi. Ana kitambi kidogo, ana presha ambayo haijui, na pengine sukari.

Mwanza walishaliona hili mapema. Utafiti uliofanyika pale, ukachapishwa mwaka 2014, uliwalinganisha watu wa makundi matatu. Waliokuwa kwenye ARV kwa zaidi ya miaka miwili, zaidi ya robo walikuwa na shinikizo la damu. Wasio na VVU kabisa, ilikuwa kama 16 katika kila mia. Sababu zimechanganyika: umri, uzito unaorudi mtu akipata nafuu, lile jiko la mkaa nililolitaja, na aina za dawa. Hata hii dawa nzuri tunayotumia siku hizi, yenye dolutegravir, inajulikana kuongeza uzito kwa baadhi ya watu, hasa akina mama. Mtu asinielewe vibaya hapo. Hesabu ya SMART inasema wazi kwamba kuacha dawa ni hatari zaidi. Jibu la presha ni kuipima na kuitibu huku ARV zikiendelea.

Na tiba ipo. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa REPRIEVE, uliowahusisha watu 7,769 wenye VVU wa umri wa miaka 40 hadi 75 katika nchi 12, Uganda ikiwemo. Hawa hawakuwa watu wa hatari kubwa ya moyo kwa vipimo vya kawaida. Nusu walipewa kidonge cha kushusha lehemu kinachoitwa pitavastatini kila siku, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Mshtuko wa moyo, kiharusi na matukio mengine makubwa ya aina hiyo yakapungua kwa asilimia 35 kwa waliopata dawa, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilishaonekana. Hiyo ni habari kubwa. Mtaani kwetu nani kaisikia?

Mwaka juzi nilimsindikiza shangazi yangu kliniki. Yuko kwenye dawa miaka mingi, hana aibu nayo na amenipa ruhusa nimtaje hivi bila jina. Tulifika saa moja asubuhi. Akapimwa uzito, akaulizwa kama anameza dawa, akahesabiwa vidonge, akapewa vya miezi mitatu. Huduma nzuri, lugha nzuri, sina ugomvi. Nikamuuliza yule dada, samahani, na presha? Akaniambia, kwa upole kabisa: "Kaka, presha ni ile kliniki nyingine, siku yake Alhamisi." Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Shangazi anaishi mwendo wa bodaboda na daladala mbili. Alhamisi hakurudi, na wewe usingerudi.

Hapo ndipo penye tatizo la siasa na pesa ambalo ningependa tulijadili. Wafadhili walitujengea nyumba ya ugonjwa mmoja. Chumba cha VVU kina feni, kina kompyuta, kina faili zilizopangwa. Chumba cha presha na kisukari, ukuta wa pili tu, mtu ananunua dawa kwa pesa yake na daftari lake mwenyewe la shule. Mgonjwa ni yuleyule mmoja, moyo wake ni mmoja, lakini ana siku mbili, foleni mbili na madaktari wawili wasiosomeana faili.

Je, inawezekana kuunganisha? Hili halihitaji kubuni, limeshapimwa hapahapa. Utafiti ulioitwa INTE-AFRICA ulifanyika katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda, ukiwa na wagonjwa wapatao 7,000. Baadhi ya vituo viliweka VVU, presha na kisukari kwenye kliniki moja: benchi moja, daktari mmoja, stoo moja. Vingine vikabaki kama kawaida. Matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Hofu kubwa ilikuwa kwamba ukichanganya, huduma ya VVU itaharibika, au watu watakimbia kwa unyanyapaa. Haikutokea. Wagonjwa walibaki kwenye huduma, na virusi vikabaki vimefubaa sawasawa na pande zisizounganishwa. Na kule vijijini Kenya na Uganda, mradi wa SEARCH ulioanza mwaka 2013 uliwapima watu VVU na presha kwa pamoja kwenye kambi za afya za jamii, nako presha ilidhibitiwa vizuri zaidi.

Kwa hiyo uwezo upo, ushahidi upo. Kinachobaki ni uamuzi, na uamuzi unafanyika sasa hivi, kipindi hiki ambapo nyumba ya wafadhili inabomolewa na sisi tunatakiwa kujenga ya kwetu. Bajeti yetu ya 2025/26 ilileta tozo mpya kwa ajili ya mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Wengi tulinung'unika, na kunung'unika ni haki yetu. Lakini tukishatozwa, swali linalofuata ni letu pia: pesa hiyo inajenga nini? Ikienda kununua ARV peke yake na kuacha ukuta ulevule kati ya Jumanne na Alhamisi, tutakuwa tumerithi nyumba ya watu pamoja na nyufa zake. Marekani nayo, kwenye mkakati wake mpya wa afya uliotoka Septemba 2025, inazungumzia VVU, malaria, kifua kikuu, polio na milipuko. Moyo wa shangazi yangu hautamlinda mtu wa Washington, kwa hiyo tusitegemee atautengea fungu. Huo ni wa kwetu.

Najua yatakayokuja kwenye maoni, ngoja niyajibu mapema.

Kuna atakayesema: "Vituo havina hata panadol, wewe unatuletea habari za moyo." Ndugu yangu, mashine ya kupima presha inawekwa mezani, inabanwa mkononi, na ndani ya dakika mbili imemaliza. Dawa za kawaida za presha ni za zamani, ni za bei ya chini ukilinganisha na gharama ya kumlaza mtu wa kiharusi. Anayepata kiharusi akiwa na miaka 48 anaondoka na mshahara, anaondoka na mtoto wa kike anayeacha shule kumuuguza. Piga hesabu hiyo pia.

Kuna atakayesema: "Si umesema mwenyewe dawa zinaongeza uzito, basi zinaua polepole." Rudi juu usome habari ya SMART mara ya pili.

Na kuna atakayesema virusi ni mpango wa wazungu. Huyo namwombea heri, siku tutakayojadili hilo nitamwita.

Kwa wale wenzangu mlio kwenye dawa, naomba mfanye jambo moja tu kwenye tarehe yenu ijayo. Ukishapewa vidonge vyako, usinyanyuke kwanza. Sema: naomba nipimwe presha. Ukiambiwa siku yake Alhamisi, uliza kwa nini. Uliza kwa adabu, lakini uliza, na usiondoke kabla hujajibiwa. Ukipata maumivu ya kifua yanayobana, pumzi kukatika ukipanda ngazi, au miguu kuvimba, usisubiri tarehe, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama dawa zimekukatikia kwa sababu yoyote, rudi. Hakuna wa kukugombeza, na akikugombeza mwambie moyo wako hauna muda.

Kwa viongozi wa Konga na vikundi vya WAVIU: mlipigania ARV mpaka zikapatikana. Kwenye vikao vya bajeti za halmashauri safari hii pelekeni na mashine ya presha kwenye orodha.

Na kwa wadau wa afya mnaosoma hapa, madaktari, manesi, watu wa wizara, nina maswali mawili tu. Kwenye wilaya yako, CTC ngapi zinampima kila mgonjwa presha kila anapofika, na dawa zake anazipata dirisha lilelile? Na waliokosa dawa mwaka 2025, nani anafuatilia mioyo yao?

Mwenye majibu aandike hapo chini. Mwenye kubisha naye karibu, mradi aje na hesabu.

Nawasilisha.